Pesa ya tajiri imetoka wapi? Jibu kwa mwenye kibanda wa Tandahimba

Kijana mmoja wa Tandahimba ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nina kibanda cha video, kiingilio shilingi 500. Nimegundua kitu kimoja: nikiweka filamu ambayo maskini anamkomoa tajiri, watu hujaa mpaka wengine wanachungulia dirishani. Juzi niliweka ile ya Wakorea, Parasite, iliyotafsiriwa. Walishangilia, ila mwisho wake wengine waliondoka wamekasirika. Mjomba wangu, mkulima wa korosho, naye alikuwepo. Akaniambia filamu hizi ni pipi ya kumnyamazishia mtoto, maana wanaozitengeneza ni matajiri hao hao. Je, ni kweli zinapinga ubepari, au zinatuuzia hasira zetu wenyewe? Na mtu atajuaje ipi ni ipi?"

Marahaba, mwanangu. Mpe mjomba salamu zangu, umwambie ana haki nusu, na nusu hiyo ni nzito kuliko mwenyewe anavyodhani.

Parasite iliongozwa na Bong Joon-ho, ikatoka mwaka 2019. Februari 2020 ikapewa Oscar ya filamu bora, ya kwanza kupata tuzo hiyo bila kuwa ya Kiingereza. Waliopanda jukwaani usiku ule wakatoa shukrani walikuwa pamoja na mama mmoja, Miky Lee, makamu mwenyekiti wa CJ, kampuni kubwa iliyokuwa nyuma ya filamu hiyo. Babu yake ndiye aliyeanzisha Samsung. Kwa hiyo kisa cha fukara anayejificha chini ya nyumba ya tajiri kilifika sokoni kwa mkono wa ukoo wa matajiri wakubwa kabisa wa Korea Kusini. Mjomba wako angetafuta mfano wa kuthibitisha maneno yake, asingepata mzuri kuliko huo.

Squid Game, ile tamthilia ya 2021, ndiyo usiseme. Watu 456 waliozama kwenye madeni wanacheza michezo ya kitoto, anayeshindwa anauawa, na pesa ya kushindania inaning'inia juu ya vichwa vyao. Gharama za kuitengeneza zilitajwa kuwa kama dola milioni 21. Hesabu za ndani za Netflix zilizovuja kwa waandishi wa habari zilionyesha kwamba kwa kampuni ilikuwa na thamani ya karibu dola milioni 900. Mtunzi wake, Hwang Dong-hyuk, aliulizwa kama na yeye ametajirika kwa kiasi hicho. Akajibu kwamba alilipwa kwa mkataba wa awali. Mtu ametunga hadithi ya kibarua anayenyonywa, na hadithi yenyewe ikamfanya kibarua.

Hapo mjomba amepatia. Ubepari una tumbo la mbuzi: hata tusi lake mwenyewe hulitafuna, likafungwa kwenye paketi, ukauziwa wewe.

Ila aliyekodi ngoma hawezi kumpangia kila mchezaji namna ya kukata kiuno. Oktoba 2021, wiki chache tu baada ya Squid Game kutoka, vyama vya wafanyakazi vya Korea Kusini viligoma, na jijini Seoul waandamanaji walivaa mavazi ya tamthilia ile ile. Hwang naye amesema waziwazi kwamba mhusika wake mkuu, fundi wa kiwanda cha magari aliyepunguzwa kazini, alitokana na mgomo halisi wa kiwanda cha Ssangyong wa mwaka 2009. Habari ilitoka kiwandani, ikapita kwa tajiri, ikarudi barabarani. Katikati watu wamekula faida, sikatai. Lakini ilirudi.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo ndilo lenye mafuta: mtu atajuaje?

Mimi nimefundisha fasihi, baadaye filamu, kwa miaka mingi, na kipimo changu ni kimoja. Sikichukui vitabuni. Kimetokana na mizani ya korosho. Nikiangalia filamu ya tajiri na maskini simwulizi tajiri kama ana roho nzuri au mbaya. Nauliza: pesa yake imetoka wapi, na filamu inanionyesha inavyotoka, au inanificha?

Filamu nyingi huficha. Zinakuonyesha jumba, gari, mbwa mkubwa getini, mama mwenye nyumba anamfokea dada wa kazi, bosi anamtema mlinzi mate. Unachukia, unasubiri akomolewe, anakomolewa, unarudi nyumbani umeshiba. Hiyo ndiyo pipi ya mjomba. Inakufundisha kwamba shida ya dunia ni matajiri wenye roho mbaya, na kwamba tukipata wenye roho nzuri mambo yatanyooka.

Linganisha na Mother India, ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957. Wazee wote wa pwani hii waliokuwa wakienda sinema wanaijua. Mimi niliiona Lindi nikiwa mtoto wa shule, na katika ukumbi mzima sidhani kama walikuwepo watu kumi waliosikia Kihindi. Mama mkwe amekopa rupia 500 kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Hajui kusoma. Mkopeshaji, Sukhilala, ameandika anavyojua yeye. Shauri linapelekwa kwa wazee wa kijiji, nao wanaamua familia iwe inatoa robo tatu ya mavuno, na hiyo ni riba tu! Deni lenyewe liko pale pale. Kuanzia hapo kila msiba wa familia ile, njaa, mafuriko, watoto kufa, unapita kwenye lile daftari. Mtoto wao Birju anakua akilichukia daftari kuliko anavyomchukia mtu, na siku anapoyachoma madaftari, ukumbi wa Lindi ulisimama. "Choma! Choma!" Wamwera, Wamakonde, Wahindi wenye maduka, wote.

Kwa nini walielewa bila kuelewa lugha? Kwa sababu kila mmoja alikuwa na Sukhilala wake. Wewe uko Tandahimba, sina haja ya kukueleza kangomba, yule mlanguzi anayenunua korosho kabla ya msimu. Anakuja wakati wa njaa, mtoto anadaiwa michango ya shule, mgonjwa yuko hospitali, anakuhesabia taslimu papo hapo. Msimu ukifika anachukua korosho kwa kipimo chake, si kwa mizani ya chama. Stakabadhi ghalani ilipoanza mwaka 2007 iliwekwa ili mkulima apeleke korosho ghalani na kuuza mnadani kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, lakini kangomba hakufa, kwa sababu mnada haukukopeshi mwezi wa pili. Mwaka 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki mzima ulikuwa wa kumtenganisha mwenye shamba na kangomba aliyeshika mzigo wa watu.

Na kangomba, mwanangu, mara nyingi si mtu mbaya. Mwingine ni shemeji yako, anakuja na sukari nyumbani kwenye msiba. Ukitengeneza filamu ambayo kangomba ni jitu lenye jino la dhahabu linalocheka usiku, utajaza kibanda, lakini watu watatoka wakimtafuta mwenye jino la dhahabu, na shemeji ataendelea kupima.

Ndiyo sababu naipa Parasite heshima kubwa, licha ya pesa iliyoileta. Familia ya Park, matajiri wa filamu ile, haina roho mbaya. Baba hapigi mtu, mama ni mpole mpaka anadanganyika. Kuna mahali yule mama maskini, wa familia ya Kim, amekaa kwenye sebule isiyo yake akilewa pombe isiyo yake, anasema kwamba mwenye nyumba ni mwema kwa sababu ni tajiri. Angekuwa yeye na pesa hizo, naye angekuwa mwema zaidi. Pesa ni pasi, anasema, hunyoosha makunyanzi yote. Kwangu mimi hiyo ndiyo sentensi nzito kuliko zote katika filamu ile, na naomba mtafsiri wako hakuipitia juu juu akipigia stori nyingine. Watafsiri wetu ni hodari wa kuchekesha, ila mara nyingine wanachekesha pale ambapo mtu anakatwa.

Halafu inanyesha mvua. Kwa akina Park mvua imewaharibia safari ya kulala porini; kesho yake mama anashukuru kwamba mvua imesafisha hewa. Mvua hiyo hiyo imeshuka ngazi baada ya ngazi mpaka mtaa wa chini, ikaingia kwenye nyumba ya akina Kim, choo kikafoka maji machafu. Nyumba zile zenye dirisha usawa wa barabara si za kubuni. Agosti 2022 mafuriko ya kweli ya Seoul yaliua watu wa familia moja ndani ya nyumba ya aina hiyo, na serikali ya jiji ikatangaza mpango wa kuziondoa. Hakuna mtu aliyemwaga maji yale kwa makusudi. Watu walioondoka kibandani kwako wamekasirika huenda walikasirika kwa kukosa wa kumkasirikia.

Mimi naishi Mikindani. Wageni wa gesi walipoingia Mtwara niliona kodi za nyumba Shangani zikipanda kama moto wa nyasi, na waliopanga humo zamani wakihamia pembezoni. Wageni walipopungua nikaona kodi zikishuka na waliojenga kwa mkopo wakihangaika. Mwenye nyumba alipandisha kwa sababu jirani kapandisha. Ukitaka kuitengenezea filamu habari hiyo, nani utampa uhusika wa adui? Na mwaka 2013, watu walipoingia barabarani kwa ajili ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, damu ikamwagika, swali lao lilikuwa hilo hilo la kipimo changu: mali inatoka wapi, na inakwenda wapi? Filamu ya kisa hicho bado naisubiri.

Tukirudi kwenye jina. Parasite ingekuwa yangu ningeiita Kupe. Wewe ni mdogo, lakini mjomba atakumbuka. Zama za Azimio la Arusha, 1967, neno kupe lilikuwa na anwani: anayeishi kwa jasho la mwenzake. Na mirija, tuliimba kuikata shuleni asubuhi kabla hatujapata uji. Sasa filamu inachezea swali hilo. Ukiangalia harakaharaka, kupe ni akina Kim, waliojipenyeza kwenye nyumba ya watu kwa uongo. Ukiangalia tena, ni nani katika nyumba ile asiyeweza kupika, kuendesha gari wala kuosha vyombo bila mwili wa mtu mwingine? Waulize watazamaji wako kupe ni nani, uone watakavyogombana. Lugha yetu ina utajiri hapa ambao Wakorea wangeuonea wivu: kabaila, bwanyenye, kigogo, pedeshee, mbenzi, na chini kule kabwela na mlalahoi. Hata machinga, neno la nchi nzima kwa mtu anayetembeza bidhaa juani, limetokana na Wamachinga wa Lindi.

Sasa nije kwa filamu zetu, maana najua ndizo zinazokulipia umeme. Wasomi wenzangu wanazidharau: mtu katajirika ghafla, kumbe ana mganga, kumbe amemtoa mama yake kafara, kumbe Freemason, kumbe mashamba yake yanalimwa usiku na misukule. Mimi sizidharau, na nitakuambia kwa nini. Msukule ni nani? Ni mtu aliyenyang'anywa nafsi akaachiwa mikono tu. Analima usiku kucha, halipwi, hana jina, anakula pumba, na ndugu zake wanaamini amekufa. Ondoa uchawi hapo, umebaki na nini? Kibarua. Bibi zetu walikuwa wakieleza jambo ambalo watu wazito wameliandikia vitabu vinene. Karl Marx, mwaka 1867, alifananisha mtaji na mnyonya damu, kitu kisicho na uhai wake, kinachoishi kwa kunyonya kazi ya walio hai. Huku pwani, wakati wa ukoloni, watu walikuwa wakiogopa mumiani, waliosemekana kukamata watu usiku na kuwatoa damu ikafanywe dawa. Hawakuwa wamesoma Marx. Walikuwa wamefanya kazi kwenye mkonge.

Kwa hiyo filamu ya msukule imeshika nusu ya kipimo changu: inakataa kuamini kwamba utajiri umejileta wenyewe. Inanusa kwamba mahali fulani kuna mtu anayeliwa. Inapoharibikiwa ni kwenye hatua inayofuata. Badala ya kukupeleka kwenye daftari inakupeleka kwa mganga, au kwa mchungaji. Tajiri anakufa kwa radi, misukule inazinduka, tamati. Na sumu yake unaijua: vikongwe wenye macho mekundu, ambao hawajawahi kumiliki hata mbuzi, wameuawa nchini humu kwa hadithi za namna hiyo. Hasira ya haki ikipewa anwani isiyo yake huishia kwa mnyonge kuliko wote.

Titanic nitaipitia haraka, kwa kuwa najua kanda yake unayo. Ya James Cameron, 1997. Kila mtu anakumbuka mapenzi. Hata kitabu cha katuni kilichotungwa kwa Kiswahili kiliitwa Mkasa wa Mapenzi ndani ya Titanic. Lakini filamu ile inaonyesha mageti yakiwa yamefungwa na watu wa daraja la tatu wakiwa upande wa pili. Katika meli yenyewe, iliyozama Aprili 1912, abiria zaidi ya nusu wa daraja la kwanza waliokoka. Wa daraja la tatu, kama robo. Na sisi hatuna haja ya kwenda bahari ya Atlantiki. MV Bukoba ilipozama Mei 1996, orodha iliyokuwepo ilikuwa ya abiria wa daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Waliozama bila kuhesabiwa ni wale waliolipa kidogo. Sijaona filamu iliyosema jambo hilo kwa ukali kama karatasi hiyo isiyokuwepo.

Za Amitabh Bachchan utaniuliza, najua. Deewaar, ya 1975, ina picha moja ambayo siisahau: mtoto anayeng'arisha viatu anarushiwa pesa chini, anakataa kuiokota, anataka apewe mkononi. Amekuwa mkubwa, ni kuli bandarini, anakataa kuwalipa wahuni wanaokata ujira wa makuli kila wiki. Mpaka hapo filamu ni ya moto. Kisha anakuwa mfanya magendo, ananunua jengo, na anauawa na mdogo wake aliye polisi. Ndiyo kawaida ya filamu za soko: humpa fukara heshima kwa saa mbili, halafu humzika ili watu wasirudi nyumbani na wazo lake. Lakini ile pesa iliyorushwa chini haizikiki. Makuli wa bandari ya Mtwara niliowahi kukaa nao wanaijua sehemu hiyo kwa moyo, na mwisho wa filamu wengine wameusahau kabisa.

Ukitaka ushauri wa kazi, huu hapa. Usiache kuweka filamu za kukomoana, una familia. Ila tafuta Modern Times ya Charlie Chaplin, 1936. Haihitaji mtafsiri, kwa sababu karibu hakuna anayeongea. Kuna mashine inayomlisha mfanyakazi mdomoni ili mwenye kiwanda asipoteze muda wa chakula cha mchana, na mashine inaharibika. Watoto watavunjika mbavu. Watu wazima waliowahi kubangua korosho kiwandani watacheka pia, halafu watanyamaza kidogo.

Mother India iweke mwezi wa pili au wa tatu, kangomba wanapopita. Msimu wa minada watu wana pesa mfukoni na wanataka mapigano. Mwezi wa pili wana muda wa kuangalia daftari. Ni ndefu, inakaribia saa tatu, kwa hiyo weka mapumziko, uuze chai.

Na ya mwisho ni Borom Sarret, ya Ousmane Sembène wa Senegal, 1963. Hii haikulipiwa na mjukuu wa tajiri yeyote. Ni ya dakika kama 20, ya mwendesha mkokoteni wa farasi Dakar. Asubuhi anabeba watu wasiolipa. Pesa anayoipata anampa mtu anayemsifia ukoo wake. Mchana abiria mmoja anamshawishi ampeleke mtaa wa wakubwa ambako mikokoteni imekatazwa. Polisi anamkamata, ananyang'anywa mkokoteni, na abiria ameshatokomea. Anarudi nyumbani mikono mitupu. Mkewe anamkabidhi mtoto, anatoka, anamwahidi kwamba watakula leo. Hasemi chakula atakipataje. Hakuna adui, hakuna bunduki, hakuna mganga. Vijana wa bodaboda wanaodaiwa hesabu kila jioni hawatahitaji kuelezwa. Maneno yake ni ya Kifaransa, kwa hiyo itabidi umtafute mwalimu wa Kifaransa akusaidie usiku mmoja, usome tafsiri kwa kipaza sauti taratibu, bila vichekesho. Kwa kuwa ni fupi, iweke kabla ya filamu kubwa, watu wakiwa bado wanatafuta pa kukaa, na mjomba umpe benchi la mbele.